Kikao cha Jumamosi: vitabu visivyowekeka chini

Assalaam alaykum ndugu zangu wanakikundi,

Kikao chetu cha usomaji kitafanyika Jumamosi hii, saa 10:30 alasiri, katika Bustani ya Forodhani, upande wa baharini, inshaallah. Mchango ni shilingi 3,000 kwa kila mmoja, kwa ajili ya chai na vitafunio.

Safari hii hatutajadili kitabu kimoja, kwa sababu wengi wenu mmeomba vitabu vinavyomshika msomaji hata akasahau usingizi. Kwa hiyo naomba:

1. Kila mmoja aje na kitabu alichokimaliza kwa hamu yake mwenyewe, si kwa kuwa kinasifiwa.
2. Achague ukurasa mmoja wa kutusomea kwa sauti, na aukatishe pale pale panaponoga, ili tuone nani atakayekimbilia kukiazima.

Mimi nitaleta Mzimu wa Watu wa Kale, cha Mzanzibari mwenzetu Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, anapeleleza mauaji kwa maswali yanayoonekana madogo, huku msomaji akibaki kumshuku kila mtu. Wanaopenda mapenzi yaliyochanganyika na siasa za Unguja kitawafaa zaidi Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Mwenye nakala tafadhali aje nayo.

Naomba kila mmoja athibitishe hapa kabla ya Alhamisi usiku, kwa kuandika jina la kitabu chake ili visijirudie, na mchango umfikie mshika fedha wakati huo huo. Asiye na kitabu naye aje, ataazima.

Ahsanteni sana.