Viwavijeshi na viwavijeshi vamizi si mdudu mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotutia hasara wakulima wa mahindi, nalo ni mazoea ya kuwaita nondo wa aina mbili kwa jina moja la viwavijeshi.

Kiwavijeshi waliyemjua babu zetu ni wa hapa hapa Afrika. Nondo wake husafiri na upepo wa mwanzo wa mvua, na viwavi wakishakuwa wengi hugeuka weusi na kutembea makundi kwa makundi, wakimaliza malisho, mtama na mahindi. Wakishaingia udongoni na kutoka wakiwa nondo, wengi huruka kwenda mbali. Kwa huyu, mitego ya nondo na tahadhari za mapema husaidia sana.

Kiwavijeshi vamizi asili yake ni Amerika. Aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, na kufikia 2017 alikuwa ameshaingia Tanzania na Kenya. Huyu haandamani na wenzake. Hujichimbia kwenye moyo wa mhindi, na maadamu kuna mimea ya kula, vizazi vyake hufuatana hapo hapo mwaka mzima.

Msimu uliopita nilisikia tangazo la viwavijeshi, nikawa nazunguka mipaka ya shamba kila asubuhi nikitazamia kundi jeusi, kumbe adui alikuwa ndani siku nyingi. Nilipofunua majani machanga ya mhindi mmoja nilikuta kinyesi kibichi kama unga wa mbao, na chini yake kiwavi mmoja mnene, mwenye alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia. Nilipiga dawa, lakini kwa ukubwa ule, tena akiwa amezibwa na kinyesi chake, haikumfikia. Dawa ile ingefaa wiki mbili kabla, viwavi wakiwa wadogo na bado wanakwaruza majani kwa nje.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, pamoja na maafisa ugani wanaotoa matangazo, wataje jina kamili kila mara, na panapohusika vamizi waseme wazi kwamba mkulima aingie katikati ya shamba akafunue mioyo ya mahindi tangu yanapochipua, asingoje kuona kundi.

Mkulima wa mahindi,
Kilosa, Morogoro