Kwa wazazi Waswahili mlioko Marekani: hesabu za mtoto zisingoje sekondari

Wanangu mnaolea watoto Columbus, Dallas, Minneapolis na kwingineko,

Nawasalimu nyote. Mnataka mtoto awe injinia, lakini habari za hesabu mnaanza kuziulizia akikaribia chuo. Huko mambo huamuliwa mapema zaidi.

Shule nyingi hufuata ngazi hizi, kila moja mwaka mzima: Aljebra ya kwanza, Jometri, Aljebra ya pili, Prikalkulasi (maandalizi ya Kalkulasi), Kalkulasi. Anayeanza Aljebra darasa la 9 humaliza la 12 bila kuigusa Kalkulasi, na vyuo vya uhandisi vyenye ushindani huitazama sana. Anayeanza la 8 huifikia. Nani aanze la 8 mara nyingi huamuliwa akiwa la 5 au la 6, kwa alama za mtihani na neno la mwalimu.

Msilale kwa sababu ripoti ina A; kiwango cha nchi nzima kimeshuka. Katika mtihani wa taifa wa NAEP, wastani wa hesabu darasa la 8 ulishuka kutoka 282 mwaka 2019 hadi 274 mwaka 2022, na 2024 ulikuwa palepale.

Mpimeni wenyewe. Kalamu na karatasi, bila kikokotoo: 1/2 + 1/3. Akiandika 2/5, amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Hajaelewa kwamba asili, yaani namba za chini, hufanywa sawa kwanza, 3/6 + 2/6, ndipo ipatikane 5/6. Kosa hilohilo litamwangusha kwenye x/2 + x/3, nanyi mtadhani aljebra ndiyo ngumu. Dakika 20 kila jioni, sehemu na uwiano tu, mpaka aweze kueleza kwa mdomo kwa nini.

Waliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma juzi, angalieni sana: Kiingereza kichanga si hesabu changa. Ombeni mtoto apimwe hesabu peke yake. Mkalimani wa bure ni haki yenu, chini ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mtoto asitumwe kutafsiri kikao kinachomhusu mwenyewe.

Aliyechelewa anaweza kusoma Jometri na Aljebra ya pili pamoja darasa la 10, shule ikiruhusu. Kubana Aljebra ya pili katika wiki chache za kiangazi sikushauri. Mapengo yake hujitokeza Kalkulasi.

Andikieni shule ombi la darasa la hesabu mnalotaka kabla ratiba ya mwaka ujao haijapangwa. Wakikataa, ombeni sababu kwa maandishi, na mtoto arudie mtihani gani, lini.