Usiwaambie Watoto Kwamba Krismasi Haipo

Likoni, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe, mumeo na wajukuu wangu. Habari za baba watoto kupunguzwa kazini zimeniumiza, lakini lililonilaza macho si hilo, bali ni neno ulilomwambia mdogo wako kwenye simu, watoto wakikusikia, kwamba mwaka huu kwenu Krismasi haipo.

Kuzaliwa kwa Mwokozi hakufutwi na mshahara kukatika. Soma tena Luka 2:24 uone Mariamu na Yusufu walikwenda kutoa nini Yerusalemu: hua wawili au makinda mawili ya njiwa, sadaka ambayo Walawi 12:8 inamruhusu mama asiyeweza kupata mwana-kondoo. Hawakuwa na kitu, na bado walipanda hekaluni na mtoto wao kumtimizia Bwana yaliyo yake. Basi wewe utawaambiaje watoto kwamba haipo?

Majilio, majuma ya kuingojea Krismasi, yana Jumapili nne, nazo zinatosha kugeuza hali ya nyumba. Kateni tawi la mvinje, mlisimamishe sebuleni katika ndoo ya mchanga, na kila jioni kabla ya chakula kila mmoja, mumeo akiwemo, aandike kwenye kijikaratasi jambo moja analomshukuru Mungu, alisome kwa sauti, kisha alitundike. Yule mdogo asiyejua kuandika achore. Mtoto akisema anashukuru kwa kila kitu, usimwachie hapo. Mwulize ni kitu gani hasa, mpaka ataje jirani aliyemvusha barabara, au maji yaliyorudi mferejini baada ya kupotea. Ndipo msome pamoja Zaburi ya 103, “wala usizisahau fadhili zake zote.” Simu ziwekwe kando, yako ikiwa ya kwanza, kwa maana nimekuona ukila huku unaitazama.

Wewe ndiwe uliyekuwa ukituanzishia nyimbo hapa nyumbani, na kanisani bado wananiulizia sauti yako. Kimya chako cha sasa kinanitia hofu kuliko mfuko mtupu. Nakusihi, usiwaambie tena kwamba haipo.

Wala usikope kwenye simu ili kununua nguo. Zile za Pasaka zikifuliwa na kupigwa pasi zinafaa. Nimempa mdogo wako nazi na hiliki akuletee kwa ajili ya mahamri. Sahani ya kwanza ipelekeni kwa wale jirani Waislamu waliowaletea biriani siku ya Idi, na watoto wenyewe ndio waibebe.

Nitavuka feri asubuhi ya tarehe 24, kabla wageni wa bara hawajajaza kivuko, ili sote twende ibada ya mkesha. Mbaazi uziroweke usiku wa kuamkia siku hiyo, na mumeo aikaze ile bawaba ya mlango wa jikoni.

Mama yako.