Kasoro ya filamu ya Bounty ni marikebu yenyewe

Mhariri,

Kila inapohakikiwa Mutiny on the Bounty, filamu ya mwaka 1962 kuhusu mabaharia wa marikebu ya Kiingereza Bounty waliomwasi nahodha wao, William Bligh, lawama humwangukia Marlon Brando, aliyeigiza kiongozi wa waasi, Fletcher Christian: lafudhi yake, madaha yake, mavazi yake. Uhakiki mliouchapa umefuata mkondo uleule. Sisi tunaona kasoro kubwa iko kwenye marikebu.

Bounty halisi ilikuwa na sitaha ya mita 27.7 hivi, ikabeba watu 46. Ile iliyoundwa Lunenburg, Kanada, kwa ajili ya filamu ilirefushwa hadi karibu mita 36 ili kamera kubwa zipate nafasi. Picha zimependeza kweli, na sifa alizopewa Robert Surtees aliyezipiga anazistahili. Lakini mtazamaji anaonyeshwa uwanja mahali ambapo watu walikuwa wakikanyagana.

Msongamano ule ndio kiini cha kisa. Chumba kikuu cha shetri, yaani nyuma ya marikebu, ambacho kwa desturi ni cha nahodha, kiligeuzwa kitalu cha miche ya mishelisheli, ambayo marikebu ilitumwa kuichukua Tahiti. Sakafu ilitandikwa madini ya risasi, na pembeni yakawekwa mabomba ya kupeleka maji yaliyochuruzika kwenye mapipa, yapate kumwagiliwa tena. Nahodha Bligh akabanwa kwenye kijichumba, karibu mno na watu wake, bila hata askari mmoja wa kumlinda.

Filamu inasema mabaharia waliasi kwa kunyimwa maji ili miche inyweshwe. Wapi! Maji walikuwa wameyateka kisiwani Nomuka, Tonga, siku chache tu nyuma. Ugomvi ulikuwa wa nazi: tarehe 27 Aprili 1789 Bligh aliwatuhumu Fletcher Christian na wenzake kuwa wameiba nazi zake, na alfajiri ya pili yake uasi ukazuka.

Linalotuuma zaidi ni mashua. Bligh na wenzake 18 walishushwa na waasi kwenye mashua ya mita 7, wakaenda nayo hadi kisiwa cha Timor, maili za baharini zipatazo 3,600. Alitengeneza mizani kwa vifuu viwili vya nazi, jiwe lake la kupimia likawa risasi ya bastola, na kila mlo mtu akapimiwa mkate mkavu wa gramu 18 hivi. Filamu hii ilimeza dola milioni 19 hivi na inachukua karibu saa tatu, lakini safari hiyo inaipitia mbiombio, kisha inaturusha hadi kwenye kesi.

Wasomaji wenu