Mugatsia ana kazi, si kesi

Mhariri,

Sijawahi kukuandikia, na ningeendelea kunyamaza kama si ile makala yenu ya Jumamosi kuhusu waigizaji wa kike wa Kenya. Samantha Mugatsia amepewa sentensi moja, kwamba ndiye yule wa filamu iliyopigwa marufuku. Basi, mkahamia kwa mwingine na picha ya gauni lake.

Mimi nilifundisha watoto maigizo miaka 26, kwa hiyo niruhusu niwe mkali. Mugatsia alikuwa mpiga ngoma, hajawahi kuigiza, mwongozaji Wanuri Kahiu alipomchukua acheze mhusika Kena katika filamu yake Rafiki. Mei 2018 filamu hiyo ikaonyeshwa Cannes, lile tamasha kubwa la filamu la Ufaransa, ya kwanza kutoka Kenya kuchaguliwa huko, ilhali hapa nyumbani bodi ya filamu ilikuwa imeshaifungia tangu Aprili kwa sababu ni mapenzi ya wasichana wawili na mwisho wake hauwaadhibu. Mwaka uliofuata, kule FESPACO, tamasha la filamu za Afrika mjini Ouagadougou, Burkina Faso, Mugatsia akatwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Afrika nzima, Mhariri! Wanyarwanda walirudi na tuzo kuu, sisi tukarudi na hiyo, na makala yenu haina hata neno Ouagadougou. Angekuwa mwanariadha mngemchapisha ukurasa wa kwanza akiwa amejifunga bendera, na mkatuambia mpaka uji aliokunywa asubuhi.

Mwandishi wenu ameiona hiyo filamu? Mimi nimeiona. Septemba 2018 jaji alipoifungua kwa siku 7, nilikwenda Jumanne mchana nikiwa na kikapu cha sokoni. Mlinzi akaniambia, "Mama, ya watoto iko upande ule." Nilipomwambia ninayoitaka akanidai kitambulisho, ati ni ya watu wazima. Mimi mwenye wajukuu wanne! Nikampa, akakisoma mbele na nyuma. Ndani nikamwona msichana asiyesema sana, anayesikiliza kwa mabega. Jambo hilo nililisomesha kwa fimbo na kwa peremende, nikalipata kwa watoto watatu katika maisha yangu yote. Pale anapoombewa kanisani kwa kelele, kila mtu anaigiza ila yeye. Yeye yupo tu, na huwezi kumwondolea macho. Taa zilipowaka, safu mbili mbele yangu akainuka mama wa kanisani kwetu, leso kichwani. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, na mpaka leo hatujaitaja siku ile. Mwaka jana aliniletea parachichi.

Halafu mnauliza kwa nini waigizaji wetu hawaendelei. Waendelee wapi? Globe Cinema siku hizi ni jina la mzunguko wa magari, makanga wanalitangaza kutwa na nusu ya abiria hawajui kwamba palikuwa na sinema. Wazee tulipelekwa pale tukiwa wachumba, kwa nauli ya mwendo mmoja, kurudi ni miguu. Kumbi zimefungwa, zilizobaki ziko ndani ya maduka makubwa ambako bisi zinakaribia bei ya tiketi, na filamu ya Mkenya hupewa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Anayekubali kucheza nafasi kama ya Kena katika filamu ya bajeti ndogo anajua mashirika ya matangazo ya sabuni hayatampigia simu. Hayo ndiyo yangekuwa makala.

Pendekezo langu ni dogo. Nunueni daftari la kurasa 96, lile la jalada gumu, mlifunge kwa kamba karibu na birika la chai ambako waandishi wenu hupatikana. Andikeni humo kila Mkenya aliyeshinda tuzo ya uigizaji nje ya nchi, mwaka na mji. Mstari wa kwanza nimewajazia hapo juu. Kalamu mnayo, na mkiikosa nitawaletea mwenyewe, mradi mlinzi wenu asinidai kitambulisho.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi