Shukrani kwa mama wa mkoba, mhudumu wa afya ya jamii, Mukuru, Nairobi

Mama, jina lako sikuuliza usiku ule, na kulipopambazuka haya zikanishika. Mvua ilikuwa imechanganya maji ya bomba na ya mtaro, na kijana wangu wa miaka miwili alikuwa akiharisha tangu mchana. Nami, kwa ujinga wangu, nilikuwa nimemnyima maji nikidhani ndiyo yanamzidishia.

Ulimfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ukaiachilia, ikabaki imesimama kama mkunjo wa leso, dalili kwamba mwili umeishiwa maji. Hukunigombeza. Ulikoroga ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ukamnywesha kijiko kimoja kimoja. Akitapika, unangoja dakika 10, unaanza tena, mpaka boda ikapatikana ya kutukimbiza hospitali. Nauli ulitoa wewe. Na posho ya wahudumu wa afya ya jamii, sote mtaani tunajua, si ya kujengea ghorofa.

Ile mikoba ya vifaa vya afya mliyopewa 2023 niliwahi kuicheka. Nisamehe.

Vidonge vya zinki, vya kutibu kuharisha, amemeza siku zote 10, hata baada ya tumbo kutulia, kama ulivyonionya. Sasa anamsumbua paka wa jirani. Pitia siku yoyote, chai ipo, na maji yake nimeyachemsha.