Kwa mpwa wangu anayechonga wanyama wa kitabu cha watoto

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba umekubali kutengeneza picha za kitabu cha wanyama, na kwamba utazichonga kwenye linoliamu, ile bamba laini la kutandika sakafuni, na kuzipiga chapa kwa mkono. Nakuandikia hadharani kwa kuwa vijana wengine hapa Dodoma huniuliza habari za kazi hii. Ninalokuomba ni moja: mtazame mnyama mwenyewe kabla hujashika patasi.

Mwaka 1515 Mjerumani Albrecht Dürer alitengeneza chapa ya mbao ya kifaru ambaye hakuwahi kumwona, akitegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine kuhusu kifaru aliyepelekwa Lisbon kutoka India. Alimvika ngozi iliyofanana na deraya, akamwongezea kipembe mabegani ambacho hakuna kifaru anacho. Na kwa kuwa kibao kimoja hutoa nakala nyingi, kipembe hicho kilisambaa Ulaya na kunakiliwa na wachoraji wengine kwa muda mrefu. Ile ni kazi nzuri mno, sikatai, lakini mtoto wa miaka minne huiamini picha yako yote, pamoja na makosa yake.

Anza na kanga wa porini, ambao huku kwetu hawana uhaba. Unapochonga linoliamu, sehemu unayoiondoa hubaki nyeupe kwenye karatasi, na sehemu unayoiacha hubeba wino. Kanga ana manyoya meusi yenye madoa meupe, kwa hiyo kila doa ni mguso mmoja tu wa ncha ya patasi, na weusi uliobaki ndio mwili wake. Usiyapange madoa kwa safu kama vigae. Tazama yanavyofuata mviringo wa bawa, uyafuate. Punda naye ana mstari mweusi mgongoni na mwingine unaokatiza mabegani, ambao watu hupishana nao njiani kila siku bila kuuona. Pundamilia mwache mwishoni, kwa sababu urahisi wake unadanganya.

Ukifika Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, angalia jinsi mistari michache ya rangi nyekundu inavyotosha kumfanya twiga atambulike. Aliyeichora alijua kipi cha kuacha.

Kuhusu ufundi sina mengi. Asubuhi za baridi za Juni na Julai, anika linoliamu juani kidogo ili ilainike. Tumia wino wa mafuta, maana ule wa maji, kwa ukavu na upepo wa Dodoma, hukauka kwenye kibao kabla hujaweka karatasi. Kama huna mashine ya kukandamiza, mgongo wa kijiko cha mbao unafaa. Kumbuka pia kwamba picha hutoka imegeuka kama kwenye kioo, hivyo maneno mwachie mpiga chapa ayapange kwa herufi zake.

Ukiamua kutumia kibao kimoja kwa rangi zote, ukichonga zaidi kila baada ya rangi, piga kwanza nakala za kutosha kitabu kizima pamoja na za akiba, kwa sababu ukishachonga kwa ajili ya rangi ya pili, ya kwanza huwezi kuirudia. Kabla ya hatua hiyo, nitumie nakala ya kanga niione.

Mjomba wako,
Dodoma